Kitabu cha Mamba Nilichobeba Hadi Kalokol

Kuna picha ya Peter Beard ambayo huenda umeiona ikizunguka mitandaoni hata kama jina lake hulijui. Amelala ndani ya kinywa cha mamba mkubwa, nusu ya mwili imemezwa, na mkononi ana kalamu. Anaandika. Ilipigwa Koobi Fora mwaka wa 1965. Mamba amekufa, bila shaka. Ni utani, na ni utani mzuri. Nilicheka mara ya kwanza, nikacheka ya pili. Ya tatu nilikuwa kwa boti katikati ya Ziwa Turkana na sikucheka.

Picha hiyo ilizaliwa kwenye kazi iliyoleta Eyelids of Morning, kitabu kilichotoka 1973. Maneno ni ya Alistair Graham, picha ni za Beard. Jina wamelitoa kwenye Kitabu cha Ayubu, pale Mungu anapojisifia lile joka lake la majini. Mimi nina fotokopi tu, niliyoitoa chuoni muhula wa mwisho kabla sijaacha masomo. Vitu vingine nilivyotoka navyo pale ni deni na godoro, kwa hivyo fotokopi hii naithamini.

Nilikuwa nimepata kazi ndogo: kuandika makala ya utalii kuhusu ziara ya boti kwenye visiwa vya volkeno vya Turkana. Aliyenituma alisema niiandike kama "Galápagos ya Kenya". Nikasema sawa, kodi ya nyumba Tuwan hailipwi kwa kukataa. Nikapanda gari Kitale, tukapita Kapenguria, Marich, Kainuk, Lokichar, na nilipofika Lodwar mgongo ulikuwa umenikumbusha kila shimo. Kitabu kilikuwa ndani ya begi.

Nianze na kizuri, kwa sababu kipo kingi. Graham haongopi kuhusu mapenzi. Katikati ya miaka ya sitini alipewa kazi ya kuchunguza mamba wa ziwa hili, wakati huo bado likiitwa Rudolf (jina la Turkana lilikuja 1975). Ili ajue wanakula nini, wanakua kwa kasi gani na wanazaa lini, ilibidi wauawe. Waliua karibu 500. Alipasua matumbo, akapima, akahesabu, na anakuambia hivyo bila kulia machozi ya, samahani, mamba. Anatueleza pia kwa nini mamba wa hapa walibaki wengi huku kwingine wakimalizwa: ngozi ya tumbo lao ina vifupa vidogo kama vifungo, na wafanyabiashara wa mikoba ya London na Paris hawakuitaka. Waliokolewa na ubaya wa ngozi, si na huruma ya mtu. Ukishasoma hilo, makala nyingi za "tulinde wanyama wetu wapendwa" zinakosa ladha.

Hoja yake kubwa ni kwamba binadamu anamchukia mamba kwa sababu mamba anamkumbusha kuwa yeye pia ni nyama. Hapo nakubali asilimia mia. Na hapo ndipo ile "Galápagos ya Kenya" inapoanguka. Darwin alipofika kule 1835 alikuta wanyama wasiojua kuogopa mtu, kwa sababu visiwa vile vilikaa muda mrefu bila watu. Sasa njoo huku. Upande huu wa magharibi wa ziwa, Nariokotome, ndipo yalipopatikana mwaka wa 1984 yale mifupa ya kijana wa Turkana, ya miaka kama milioni moja na nusu. Mtu na mamba hapa wamejuana tangu mtu hajawa mtu vizuri. Hakuna mnyama asiyetujua.

Kasoro ya kitabu niliigundua Kalokol, na sikuigundua mimi.

Kalokol ni mji mdogo wenye joto la tanuri na mabaki ya kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway. Ghuba ya Ferguson ikakauka miaka ya themanini, samaki wakaenda na maji yao, kiwanda kikabaki. Siku hizi maji yamepanda tena na kumeza hata nyumba za watu, na Bwawa la Gibe III kule juu Mto Omo, Ethiopia, limefanya kila mtu awe na maoni kuhusu kesho ya ziwa. UNESCO ilikuwa imeorodhesha mbuga hizi kama urithi wa dunia 1997. Mwaka wa 2018 ikaziweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwa daftari kabla sijafika. Cha boti sikuwa nimeandika chochote.

Tuliondoka asubuhi mapema kwa sababu ya upepo. Ziwa hili halitaki mchezo: mwaka wa 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Sisi tulikuwa tunaenda Kisiwa cha Kati. Nahodha alikuwa mzee wa Kiturkana, mvuvi, mwenye Kiswahili cha Lodwar kisichopoteza neno. Mashine ikikohoa aliipiga kofi kama mtoto mtundu.

Aliona ninasoma. "Hiyo ni ya nini, kijana yangu?"

"Ni ya mamba, mzee. Wa hapa."

Akaomba aone. Sasa elewa, fotokopi ya kitabu cha picha ni kitu kibaya. Meno ya mamba yanatoka safi, macho pia. Lakini watu weusi waliopigwa picha juani wanatoka kama wino umemwagika. Alifungua ukurasa mmoja, wa pili, akaugeuza juu chini.

"Hawa ni watu ama ni usiku?"

Nikamwambia ni mashine ya chuo. Ni kweli, hilo Beard hana hatia. Lakini nilikuwa nimekisoma kitabu kizima mara tatu na sikuwahi kujiuliza hao ni nani. Akafika kwa Beard kinywani. Akaangalia sana.

"Huyu alitoka?"

"Alitoka. Amekufa juzi tu, 2020, kwao Marekani. Mzee kabisa."

"Ndugu yangu hakutoka."

Akarudisha karatasi na kushika usukani. Mimi, nikiwa mwandishi, nilifanya nini? Nilikuwa nishampiga picha dakika kumi zilizopita, upande wa jua, bila kuomba.

Ndani ya kitabu kuna kisa cha kijana Mmarekani aliyeuawa na mamba Mto Baro, Ethiopia, mwaka wa 1966, na picha ya kilichopatikana tumboni. Siwezi kuisahau. Nikifunga kitabu, hicho ndicho kifo ninachokikumbuka, kwenye kitabu kinachohusu ziwa ambalo watu wake huingia majini kila siku. Kichwa kidogo cha kitabu kinaahidi hatima za mamba na za watu zilizochanganyika. Kwa mamba ahadi imetimizwa. Kwa watu, Graham anawaona Waturkana kama sehemu ya pori, wagumu, wazuri kutazamwa, na wanaokaribia kuharibiwa na ustaarabu. Manze, yule mzee alikuwa na simu mbili na anajua bei ya mbuta Kitale kuliko mimi ninayekaa Kitale.

Kisiwa chenyewe kinatisha kwa uzuri. Unapanda majivu meusi yanayoteleza, harufu ya kiberiti inakupiga, halafu chini yako unaona ziwa ndani ya kasoko, la kijani. Yako matatu: moja la mamba, moja la heroe, moja la ngege. Mamba walikuwa ufukweni kama magogo. Mzee alipiga makofi mara moja wakaingia majini bila sauti, na akanionyesha mahali wanapofukia mayai. Hakusimama karibu. Nami nikasimama aliposimama yeye.

Makala ya utalii ilitoka. Picha za mamba zilitumika nne, ya mzee haikutumika. Tukirudi alikuwa amenitajia jina la ndugu yake, na akaniambia niliandike pale pale, pembeni ya yule mzungu. Nimeliandika kwa biki, liko hapo. Hapa silitaji, maana aliniambia nilitie kwenye kitabu, hakusema nilitie mtandaoni, na namba aliyonipa haipatikani.