Kura, Bahati na Dola: Uhakiki wa Kumbukumbu za Wanafunzi wa Marekani Kuhusu Uandikishaji wa Jeshi wa 1969

Kumbukumbu za Wamarekani waliokuwa wanafunzi wa vyuo wakati wa Vita vya Vietnam huuzunguka usiku mmoja: tarehe 1 Desemba, 1969. Usiku huo, mjini Washington, kapsuli 366 za plastiki zenye tarehe za kuzaliwa zilitolewa moja moja katika chombo cha kioo mbele ya kamera za televisheni. Tarehe 14 Septemba ilitoka kwanza, 8 Juni ikatoka mwisho. Kura hiyo iliwahusu wanaume waliozaliwa kati ya 1944 na 1950, na walioitwa hawakuvuka namba 195.

Masimulizi haya hufanana kimuundo: bweni, televisheni, ukimya, kisha namba. Ubora wake ni kuonesha jinsi uamuzi wa dola unavyoingia katika siku ya kuzaliwa, jambo la faragha kabisa. Udhaifu wake umo katika msamiati wa bahati. Mwenye namba kubwa husimulia baraka, mwenye ndogo mkosi; katika sentensi zote mbili mtendaji, yaani dola, hatajwi.

Hoja mbili zinaudhoofisha msamiati huo. Kwanza, nasibu yenyewe ilikuwa na kasoro. Kapsuli zilitiwa mwezi baada ya mwezi bila kuchanganywa vya kutosha, hivyo wastani wa namba za waliozaliwa Januari ulikuwa takriban 201, na wa Desemba takriban 121. Pili, kinga ya kuahirishiwa utumishi kwa sababu ya masomo iliendelea hadi mageuzi ya sheria ya 1971. Kwa hiyo kijana wa bwenini na kijana wa kiwandani, hata wakiwa na namba moja, hawakuwa na hatari moja. Bweni hutajwa kama mandhari tu, ilhali lilikuwa ngao.

Kiswahili kinatoa nyenzo ya uhakiki hapa. Kutafsiri tukio hili kwa “bahati nasibu” huleta taswira ya mchezo wa zawadi na kuurudia udhaifu uleule. Neno “kura” lafaa zaidi, kwa kuwa hubeba maana mbili: kuteuliwa bila hiari na kuchagua kwa hiari. Mwaka 1969, katika majimbo mengi, kijana wa miaka 19 aliweza kuangukiwa na kura ya jeshi lakini hakuruhusiwa kupiga kura ya uchaguzi. Marekebisho ya 26 ya Katiba yalishusha umri huo kutoka miaka 21 hadi 18 mwaka 1971 tu.

Kwa wanaohifadhi simulizi na wanaoshauri kuhusu utumishi wa lazima, funzo ni la kimbinu. Swali “ulipata namba gani?” huzaa hadithi ya bahati. Swali “ni nani alikuwa na kinga, na aliipataje?” humrudisha mtendaji katika sentensi, na huwapa nafasi wale ambao, kwa kuwa hawakurejea vitani, hawana kumbukumbu za kusimulia.