Pongezi kwa Fundi wa Bawa

Narung'ombe, kusini mwa Tanzania, inakumbukwa kwa mapigano ya Julai 1917 kati ya Waingereza na Wajerumani. Katika kampeni ya Afrika Mashariki, ambayo mapigano hayo yalikuwa sehemu yake, walikuwapo pia watu wasiotajwa sana: mafundi waliotunza ndege za BE2c za Kikosi cha 26 cha anga cha Uingereza. Mabawa ya ndege hizo yalikuwa ya mbao na kitambaa cha kitani, yakishikwa na nyaya. Joto na unyevu huipinda mbao. Bawa likipotoka kidogo tu, ndege huvuta upande mmoja na ukinzani wa hewa huongezeka. Aliyekaza nyaya na kupima upya pembe za bawa ndiye aliyeirudishia ndege uwezo wake wa kuruka.

Wapo watakaosema sifa zote ni za mbunifu. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa umbo la bawa halilindwi na mchoro bali na mikono ya anayelitunza. Leo ndege ndogo kama Cessna 206 huweza kufungwa vijipezi juu ya bawa, vinavyoifanya hewa ilishike bawa kwa muda zaidi, hivyo rubani hutua kwa mwendo mdogo kwenye viwanja vifupi. Anayehofia kwamba kuibadili ndege ni hatari ana haki. Ndiyo maana badiliko la namna hiyo huhitaji usanifu ulioidhinishwa na kuandikwa katika kumbukumbu za ndege. Nidhamu hiyo ndiyo heshima ya ufundi huu, na vijana wa kusini wanastahili kuurithi.