Farasi Wanaozungumza Mbioni

Mbio za farasi zinamnyima mtunzi wa nyimbo karibu kila kitu anachokihitaji. Zinaanza na kwisha ndani ya dakika chache, matokeo yanajulikana na kila mtu kabla jua halijatua, na shujaa wake mkuu hana neno la kusema. Mtangazaji wa redio anazimudu vizuri zaidi, kwa kuwa ana pumzi, ana majina ya farasi mdomoni, na wasikilizaji wake bado hawajui nani atashinda. Mtunzi anakuja nyuma, watu wakishalipana madau yao na kutawanyika. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili watunzi wa Uingereza, Ireland, Marekani na Argentina hawakuacha kuzitungia nyimbo, na chache kati ya nyimbo hizo zinaimbwa mpaka leo na watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa mbio. Nadhani siri yake ni ya kiufundi: zilimwacha mshindi aende zake, zikabaki na aliyeshindwa.

Wa kutazamwa kwanza ni Skewball, farasi aliyezaliwa Uingereza mwaka 1741 kisha akapelekwa Ireland. Mwaka 1752 alikuwa na umri wa miaka 11, wakati farasi wengi wa mbio wameshapumzishwa zamani, na bado alishinda mbio sita. Wimbo unazungumzia mbio zake katika nyanda za Kildare, alipompita farasi jike wa kijivu ambaye wenye fedha walikuwa wamemwekea dau bila wasiwasi. Habari hiyo ilitungiwa beti, ikachapishwa kwenye karatasi za bei rahisi zilizouzwa mitaani. Ipo nakala ya mwaka 1784. Kwa sehemu kubwa ni wimbo wa sifa kama zilivyo nyimbo nyingi za sifa: mabwana wanatajwa, kitita kinatajwa, farasi anavikwa mapambo. Lakini katikati kuna jambo la ajabu. Mbio zikiwa zimepamba moto, Skewball anamwuliza mpandaji wake yule jike ameachwa umbali gani. Mtunzi amezisimamisha mbio zake mwenyewe ili farasi apate kusema, na kwa swali hilo anatugeuza sote shingo tumtazame aliyeko nyuma. Sifa zilizobaki zingeweza kuandikwa na karani yeyote wa mbio.

Wimbo ulivuka Atlantiki, jina likageuka kuwa Stewball, ukaingia vinywani mwa Wamarekani Weusi. John Lomax na mwanawe Alan, walioanza kurekodi nyimbo magerezani huko Kusini mwa Marekani mwaka 1933, waliukuta miongoni mwa nyimbo za kazi zilizojulikana sana na wafungwa. Mwimbaji Lead Belly, ambaye alikuwa ameonja magereza ya Texas na Louisiana, aliurekodi mwaka 1940 pamoja na Golden Gate Quartet. Hapa inafaa kusikiliza mapigo. Kiongozi anatoa mstari mfupi, kundi linaitikia, na zana zinashuka kwa pamoja kwenye pigo lile lile. Aliyezoea nyimbo za wavuvi wa pwani yetu wakivuta nyavu anaufahamu utaratibu huo bila kufundishwa. Mwendo ni wa mtu anayetakiwa kufika jioni akiwa bado hai, basi kwato zimekwisha kabisa. Wanaodai kwamba ufundi wa nyimbo hizi ni kuiga shoti ya farasi wana mfano mzuri mkononi, maana Stephen Foster aliiga shoti hiyo kwa ustadi katika “Camptown Races” ya mwaka 1850, wimbo wa jukwaa la Wazungu waliojipaka masizi ili kuwadhihaki Weusi. Kasi imo tele, ila ndani yake hakuna wa kumhurumia. Stewball alipunguziwa kasi, na ndiyo maana watu waliofungwa minyororo waliweza kumtumia.

Miaka ya 1960 wanamuziki wa mtindo wa kiasili walimpunguza kasi zaidi, wakampa mapigo matatu ya waltz. Katika toleo lililopata umaarufu kwa kundi la Peter, Paul and Mary mwaka 1963, anayeimba si shabiki wa Stewball hata kidogo. Aliwaamini farasi wengine, akapoteza, na anasema kwamba laiti angemwamini Stewball leo angekuwa mtu huru. Neno hilo la uhuru si pambo: wimbo ulipita gerezani kabla ya kufika studio. Karne mbili zilihitajika ili swali la farasi wa Kildare lipate mtu wa kulijibu kutoka upande wa pili, upande wa waliolipa.

Mwenye kujali historia atasema nyimbo hizi zinadanganya, na ana haki. Tarehe 4 Julai 1878, huko Louisville, Kentucky, farasi dume Ten Broeck alimshinda Mollie McCarty, jike kutoka California aliyekuwa hajawahi kushindwa. Katika wimbo uliotokana na siku hiyo, ambao mwanamuziki Bill Monroe aliurekodi mwaka 1947, farasi wanasemezana mbioni kuhusu homa na jua kali, na mwishoni jeneza la jike linaandaliwa. Ukweli ni kwamba uwanja ulikuwa mzito kwa mvua, na Mollie aliishi hadi 1883. Sitautetea uongo huo kwa kusema washairi wana ruhusa. Ruhusa hiyo imetumiwa vibaya mara nyingi mno. Ninachosema ni kwamba tofauti hii ina mwelekeo. Kitabu cha mbio kinatunza nafasi na muda, na kwa kitabu hicho jike aliyeachwa mbali hana zaidi ya kusajiliwa kuwa ameachwa. Wimbo ulitafuta kipimo cha kushindwa kwake, ukakiona kifo ndicho kinachotosha. Banjo ya Earl Scruggs inakimbia kweli kweli katika rekodi ya Monroe, nakubali, lakini inakimbia kuelekea mazishi.

Pingamizi zito zaidi ni la kamari. Nyimbo hizi, watasema wazazi na mashehe na wachungaji, zinaupamba mchezo unaofilisi nyumba, na siku hizi ambapo mtu anaweka dau kwa simu akiwa kitandani, lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini hebu sikilizeni “Por una cabeza”, tango la mwaka 1935 ambalo Carlos Gardel alilitungia muziki na Alfredo Le Pera akaliandikia maneno. Gardel alikuwa na farasi wake wa mbio, Lunático, kwa hiyo aliyajua mambo ya viwanjani kutoka ndani. Farasi katika tango hilo anashindwa kwa urefu wa kichwa, kipimo ambacho waamuzi wanakitumia kwenye mstari wa kumalizia, na mwanamume anayeimba ameshindwa na mwanamke kwa kiasi hicho hicho. Anaapa kwamba basi, ameacha. Kisha anakiri kwamba Jumapili akimwona farasi wa uhakika ataweka kila alichonacho. Gardel anaanza katika meja, kwa madaha ya mtu aliyevaa vizuri, na kiitikio kinapoingia muziki unatumbukia katika maina, kama mfuko uliotoboka. Halafu madaha yanarudi, wala mtu hajajifunza kitu. Khatibu angesema kamari ni mbaya, na msikilizaji angeitikia amina akaenda kuweka dau lake. Gardel anamfanya msikilizaji huyo aimbe kiapo na kukivunja kwa sauti yake mwenyewe, ndani ya dakika mbili na nusu, huku miguu ikitaka kucheza.