Namba Bila Jina: Uhakiki wa Mkusanyo wa Jezi Gitaza

Tumefundishwa kuhakiki kazi kwa fani na maudhui. Sioni kwa nini jezi iachwe nje, maana vijana wengi wa Gitaza wanasoma jezi kuliko wanavyosoma riwaya. Ninachohakiki hapa ni mkusanyo wa jirani yangu mmoja, tarafani Muhuta: jezi kumi na nne za mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kukimbia na mpira mikononi, zote za timu za vyuo vikuu, zote zimetoka kwenye marobota ya mitumba. Wakusanyaji wa Marekani wana hata sanamu ndogo za wachezaji hao, wanazipanga kwenye rafu. Kwetu sanamu hazifiki, zinafika nguo.

Kwa fani sina mengi. Amezitundika kwa kufuata rangi, si timu, kwa kuwa Michigan na Alabama kwake ni majina tu. Ukuta unapendeza, ila jua la mchana limeshaanza kuzila zile nyekundu.

Maudhui ndiyo yenye kazi. Nyingi zina namba mgongoni na hazina jina, na mwenyewe aliamini kwamba ni bandia. Si lazima. Kwa miaka mingi NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, lilimkataza mwanafunzi kulipwa kwa jina au sura yake. Basi jezi ya nyota wa msimu iliuzwa kwa namba tu, na kila mnunuzi alijua ni ya nani. Mwaka 2010 A.J. Green wa Chuo Kikuu cha Georgia alifungiwa mechi nne kwa kuuza jezi yake mwenyewe kwa dola 1,000. Mwaka 2013 mchambuzi Jay Bilas aliandika majina ya wachezaji kwenye duka la NCAA la mtandaoni, na jezi za namba zao zikatokea. Duka likaacha kuziuza. Marufuku yenyewe ililegezwa Julai 2021. Kwa hiyo ule mgongo mtupu unasema jambo: jasho lina mwenyewe, ila jina lake limefichwa ili asilipwe.

Jezi ninayoiona bora kuliko zote ni nyekundu, namba 54, ambayo katika mchezo ule huvaliwa na walinzi na wazuiaji. Juu ya namba jirani ameandika kwa rangi ya mafuta, kwa mkono usiotulia: TAMBWE. Ni Amissi Tambwe, Mrundi aliyeongoza kwa mabao ligi ya Tanzania akiwa Simba msimu wa 2013/14, kisha akiwa Yanga 2015/16. Mfungaji amevishwa namba ya mzuiaji!

Mwenzangu darasani anasema jezi imeharibiwa, mkusanyaji wa kweli haongezi kitu. Sikubaliani naye. Jezi ile ilikuja na nafasi tupu, na nafasi ile iliachwa kwa makusudi. Hoja iliyonisumbua ni ya mhadhiri wetu: Tambwe naye hapati hata faranga moja. Ni kweli. Ila jirani haiuzi. Mtu wa Rumonge mjini alimpa bei ya jezi tatu, akakataa.

Ninachomlaumu ni pengo la 2019. Mwaka ule Intamba mu Rugamba ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Misri, ikafungwa mechi zote tatu bila kupata bao. Labda ndiyo sababu hataki kuukumbuka. Lakini Cédric Amissi ndiye aliyetufungia Machi ile, katika sare ya 1-1 na Gabon iliyotupeleka huko, na jina lake halipo popote ukutani. Kopo la rangi limebaki nusu, na jezi sita nyeupe bado hazijaandikwa kitu.