Filamu Hii Ije Moshi Haraka!

Nimetoka kuitazama How to Build a Library na moyo bado unanienda mbio. Watu wa Moshi, Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, tafuteni kila njia muione! Ni filamu ya matukio ya kweli kuhusu maktaba, na inakushika kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2025 katika tamasha la Sundance, Marekani. Waongozaji wake, Maia Lekow na Christopher King, ni mke na mume wanaofanyia kazi zao Kenya, wale wale waliotupa The Letter, filamu iliyoiwakilisha Kenya katika kuwania Oscar. Nilitarajia kazi nzuri. Hii imepita matarajio!

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2017, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka walianzisha Book Bunk ili kufufua maktaba tatu za umma za Nairobi: McMillan iliyo katikati ya jiji, na zile za Kaloleni na Makadara huko Eastlands. McMillan, yenye nguzo nene na sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Sasa waone wanawake wawili wa Kiafrika wakipita kwenye nguzo zile zile kama wenye mali!

Utamu wa filamu ni kwamba haifichi kitu. Fedha zinatafutwa kwa jasho, siasa za kaunti zinachosha, wakutubi wa siku nyingi wanawapima wageni hawa kwa macho makali, na majalada ya kikoloni yanadai kuulizwa maswali. Halafu uhai unaingia! Maktaba za Book Bunk zina hadithi kwa watoto, muziki, filamu na mijadala, na tamasha la vitabu la NBO Litfest limefanyika humo humo. Hapo ndipo niliporuka kitini. Rangi mpya na rafu mpya ni mwanzo tu. Maktaba hukamilika watu wanapoingia na sauti zao.

Na sauti, jamani, hapa Mlima Kilimanjaro tunazo! Kabla ya karatasi, Wachagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, na mwalimu wa jando aliimba mafunzo yake alama baada ya alama. Uchongaji, wimbo na elimu katika mkono mmoja! Kisha akaja mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyeandika historia za wamangi, watawala wa Wachagga, mwanzoni mwa karne ya 20. Petro Itosi Marealle akatoa kitabu chake juu ya maisha ya Mchagga mwaka 1947, na miaka ya 1950 Wachagga wakawa na gazeti lao, Komkya. Nani anathubutu kusema hatuna cha kuweka jukwaani?

Naiona kabisa Maktaba ya Mkoa pale Moshi siku ya Jumamosi: bibi kutoka Rombo anasimulia kwa Kichagga na mjukuu anafasiri kwa Kiswahili, watoto wanachonga mregho wao wenyewe, wazee wa kahawa wanaeleza jinsi KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilivyozaliwa mwaka 1933, na vijana wanageuza maelezo hayo kuwa igizo.

Hili linawezekana, na Book Bunk wametuonyesha pa kuanzia. Hawakusubiri jumba kubwa la McMillan likarabatiwe. Walitangulia na maktaba ndogo za mitaani, Kaloleni na Makadara, watu wakaona matunda kwa macho yao. Nasi tuanze na chumba kimoja cha shule ya kata, au kona moja ya maktaba yetu. Ukuta mweupe, projekta ya kuazima na viti vya plastiki vinatosha kwa usiku wa kwanza, na filamu ya kufungulia ni hii. Wakutubi, walimu, wasanii wa Moshi: ombeni kibali cha kuionyesha, kisha taa zikiwashwa mpeni kipaza sauti bibi wa kwanza atakayenyoosha mkono!