Sura Bila Jina, Jina Bila Sura

Mwanamume aliyejipaka majivu mwili mzima amekaa juu ya mabega ya mwenzake. Ameshinda mieleka, na sasa anabebwa mbele ya watu wake. Mpiga picha Mwingereza George Rodger aliipiga picha hii mwaka 1949 kwa Wanuba wa Korongo, kwenye vilima vya Kordofan, Sudan. Uzuri wake hauna ubishi. Bingwa yuko juu yetu, inabidi tumwinulie macho, na utulivu wake unaonyesha kuwa heshima hii haikutoka kwenye kamera. Rodger asingekuwepo, angebebwa vilevile.

Kisha soma maelezo yanayosambaa na picha hiyo: bingwa wa mieleka, Mnuba, Kordofan. Jina halimo.

Rodger hakuwa mtu wa dharau. Aprili 1945 aliingia kambi ya Bergen-Belsen, akajishtukia anawapanga maiti kwenye fremu ili picha ipendeze. Hilo lilimchukiza, akaacha kupiga picha za vita, na miaka michache baadaye akasafiri Afrika akitafuta watu ambao balaa hilo halikuwagusa. Ugumu unaanzia hapo. Alikuwa anatafuta watu wa namna fulani, na huyu bingwa akawa mfano wao.

Mfano ni rahisi kuazimwa. Leni Riefenstahl, Mjerumani aliyetengeneza filamu ya kukitukuza chama cha Hitler, aliipenda picha hii, akamwandikia Rodger na kumwahidi fedha ili amfikishe kwa Wanuba. Rodger alikataa. Miaka ya 1960 Riefenstahl alikwenda mwenyewe, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake cha picha, Die Nuba. Miaka miwili baadaye mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, alionyesha kuwa ndani ya picha zile mna ibada ileile ya zamani: nguvu, miili isiyo na dosari, ushindi. Nakubaliana naye, na ninaongeza jambo moja. Mwili usio na jina hauwezi kupinga mahubiri unayotumiwa kuyapamba. Mwenye jina ana mama, ana kijiji, ana wapinzani aliowaangusha na siku alizoangushwa yeye.

Usukumani tuna kisa kilichopinduka. Ukiwa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, huhitaji kumweleza mtu Ng'wanamalundi ni nani. Alikuwa mcheza ngoma, akafariki mwaka 1936, na umaarufu wake haukujengwa na picha. Ulibebwa na nyimbo na masimulizi ya wazee. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine. Hili lingine, wanasimulia, alipewa kwa sababu ya miguu yake mirefu, kwani malundi ni miguu. Jina lenyewe limemchora. Ndiyo desturi ya ngoma za Wasukuma, ambako Bagika na Bagalu hushindana mbele ya umati na manju hujitangaza kwa majina ya kujisifu. Anayeshinda, watu huondoka na jina lake mdomoni.

Lakini jina peke yake nalo humla mwenyewe. Kisa kinachorudiwa zaidi kuhusu Ng'wanamalundi ni kwamba alinyoosha kidole, miti ikakauka. Muujiza umemfunika mchezaji. Alivyotua mguu, alivyotoka jasho, alivyochoka jioni, hayo hayasimuliwi sana. Mnuba alibaki na misuli bila jina. Ng'wanamalundi amebaki na jina bila jasho. Wote wawili wamegeuzwa alama.

Kwa hiyo mchoraji wa Kishapu atakayetaka kumchora Ng'wanamalundi, iwe kwenye turubai au ukuta wa saluni, ninamwomba aiache ile miti mikavu. Achore miguu mirefu yenye vumbi na uso wa mtu anayesikiliza ngoma, kisha aandike jina kwa herufi kubwa. Na wahariri wanaoendelea kuichapa picha ya Rodger waongeze maneno machache chini yake: jina la bingwa halikuandikwa. Hayatamrudishia jina lake. Yatamjulisha mtazamaji kwamba alikuwa nalo, na kwamba watu waliombeba siku ile walilijua.