Programu nzuri, mlango mbovu

Tukisifu programu ya mwenzetu tunasifu skrini: rangi, vitufe, namna risiti inavyotoka. Leo nataka kukosoa kitu ambacho karibu hakuna anayekiangalia, lile faili la kwanza linaloitwa Setup, ambalo mtu anabonyeza mara mbili ili programu iingie kwenye mashini yake. Naanza na kosa letu wenyewe.

Mimi na rafiki yangu tulitengeneza programu ya kufuata minervali kwa shule moja ndogo hapa Lac Vert. Tuliijenga kwa Electron, ile njia iliyotoka GitHub mwaka 2013 ikiitwa Atom Shell, ambayo inakuruhusu kuandika programu ya kompyuta kwa HTML na JavaScript kama vile unaandika ukurasa wa intaneti. VS Code, Slack na Discord zimejengwa hivyo hivyo. Kwetu nyumbani ilikuwa inatembea vizuri sana. Tukaiweka kwenye flashi, tukaenda shuleni.

Shuleni kulikuwa mashini mbili. Ya mama sekretari ilikuwa na Windows 10. Tukabonyeza, programu ikaanza kuingia, na kuran ikakatika. Batri ya mashini ile ilikufa zamani. Kuran iliporudi tukajaribu tena, dirisha likatokea kwa Kiingereza: kusakinisha kumeshindikana, angalia logi, wasiliana na mwandishi. Mama sekretari anajua Kifaransa na Kiswahili. Tulipomtafsiria akauliza, "Mwandishi ni nani?" Mwandishi ni sisi, tumesimama nyuma ya kiti chake, na hatukujua la kumjibu.

Mashini ya pili, ya kontable, ilikuwa na Windows 7. Huko programu iliingia bila neno, lakini kuifungua tu, ikaleta ujumbe kuhusu kitu kisichopatikana ndani ya KERNEL32.dll. Wakati huo wazazi wako kwenye mstari, pesa mkononi, kwa sababu sisi ndio tulimwambia prefe kwamba kuanzia siku ile risiti zitatoka kwa mashini. Mama sekretari akafungua kaye yake, akaanza kuandika kwa kalamu.

Sasa tuchambue, mlango kwa mlango.

Kisakinishi tulichotumia kinaitwa Squirrel. Ukitumia Electron Forge bila kubadili kitu, ndicho unachopewa kwa Windows. Kina jambo zuri ambalo sitalificha: kinaweka programu ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, LocalAppData, kwa hiyo hakiombi neno la siri la msimamizi. Hapa kwetu, ambapo mashini nyingi zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika na neno la siri alibaki nalo muuzaji, hiyo ni msaada mkubwa. Lakini jambo hilo hilo lina upande wa pili. Mashini ikiwa na akaunti mbili za Windows, programu inaonekana kwa mmoja tu, na mwingine anafikiri imefutwa.

Ubaya mkubwa wa Squirrel ni ukimya. Hakiulizi kitu, hakielezi kitu, na siku kinaposhindwa kinakutuma kwenye logi ambayo iliandikwa kwa ajili ya mtengenezaji. Logi yenyewe iko LocalAppData, ndani ya SquirrelTemp, inaitwa SquirrelSetup.log. Tuliisoma jioni. Shida ilikuwa folda ya programu yetu iliyobaki nusu pale kuran ilipokatika. Tuliifuta, tukasakinisha upya, ikaingia. Dawa ya dakika mbili, lakini mama sekretari angeijuaje?

Windows 7 ni hadithi nyingine. Electron inabeba ndani yake Chromium nzima, na Chromium iliacha Windows 7 baada ya toleo la 109. Kwa hiyo Electron 23, iliyotoka Februari 2023, haikubali tena Windows 7, 8 wala 8.1. Ya mwisho kuzikubali ni Electron 22, na hiyo nayo iliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2023. Mtu atasema kosa ni la wakubwa wa huko wanaosahau mashini zetu. Kidogo ni kweli. Lakini Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na habari ya Electron iliandikwa wazi mapema. Sisi hatukuisoma. Tena hatukuuliza shule swali moja rahisi: mashini zenu ziko na Windows gani?

Wengine wataniambia, "Hamia Tauri, faili yake ni ndogo." Ndiyo, ni ndogo, kwa sababu haibebi kivinjari. Inategemea WebView2 ambayo Windows 11 inakuja nayo. Mashini ikikosa WebView2, kisakinishi cha Tauri kwa kawaida kinaishusha kutoka intaneti wakati ule ule wa kusakinisha. Pale shuleni hakuna mega. Unaweza kuiambia Tauri ibebe WebView2 ndani, lakini faili inaongezeka mega 127 hivi, na ule udogo uliousifu umekwisha. Ni vilevile kwa electron-builder ukichagua kile kisakinishi chake kidogo kinachoshusha programu baadaye. Mimi naona faili kubwa kwenye flashi ni bora kuliko faili ndogo inayokuja kuomba mega mbele ya watu.

Kuna pia lile dirisha la buluu la Windows linalosema programu haijulikani. Mara nyingi linatokea kwa faili lisilo na sahihi ya kidijitali. Cheti cha sahihi ni mamia ya dola kwa mwaka, na tangu Juni 2023 ufunguo wake lazima ukae ndani ya kifaa maalumu. Kwa kijana aliyemaliza lisanse juzi, hiyo ni ndoto. Basi angalau mwonyeshe mtu dirisha hilo kabla, umweleze kwa nini linatokea, na umpe njia ya kuhakikisha faili ni lako. Andika SHA256 ya faili kwenye karatasi, kisha kwenye mashini yake piga certutil -hashfile, jina la faili, SHA256, mlinganishe. Njia hiyo inakamata pia faili lililokatika wakati wa kushusha ao lililoharibiwa na virusi vya flashi. Kumfundisha mtu kubonyeza "Exécuter quand même" bila maelezo ni kumfungulia mwizi wa kesho.

Tulirudi shuleni baada ya wiki mbili. Tuliacha Squirrel, tukachukua NSIS ya electron-builder, inayosema Kifaransa na inayoweza kumwuliza mtu anataka kuweka programu wapi. Mashini ya kontable hatukuigusa. Electron 22 ingeingia, lakini hatukutaka kuweka pesa za wazazi juu ya kitu kisichorekebishwa tena. Kontable anapewa orodha iliyochapishwa kila jioni.

Kwa hiyo wewe unayemaliza programu yako mwezi huu, usiipeleke kwa mtu kwa sababu imetembea kwako. Omba mashini ya zamani kuliko zote mtaani. Zima intaneti. Sakinisha, na katikati uizime kwa nguvu, kisha uanze tena. Mtu asiyesoma informatiki akae mbele yake, wewe ukae kimya. Akikwama, andika alipokwamia.

Mama sekretari sasa anatoa risiti kwa mashini. Kaye yake bado iko juu ya meza, na kila malipo anayaandika mara mbili. Nilimwuliza ataacha lini. Akasema, "Tutaona kwanza."